Mji Usiopigwa Hodi

Niliingia katika mchezo ule kwa sababu ya maji. Kazi yangu ni kuuza maji. Mkokoteni ni wa mjomba, mitungi ni ya mjomba, miguu ndiyo yangu. Asubuhi najaza kwenye kisima cha nyuma ya msikiti, nasukuma vichochoro vya Mji wa Kale, naibukia Bondeni, na siku mifereji ya Tudor ikikauka napakia mitungi kwenye tuktuk niende hadi huko. Shule niliachia kidato cha pili. Kusoma nakupenda hadi leo, karo ndiyo iliyotushinda.

Bondeni kuna duka la vifungo, nyuzi na zipu ambalo huchukua maji kila nikipita. Mwenyewe ni Bohora wa makamo, na babu yake aliuza nyuzi dukani humo humo. Siku moja nilimkuta ameinamia simu, midomo inamchezacheza kama mtu anayevuta tasbihi, na mama mmoja amesimama na sketi mkononi anangoja zipu. Nikatua mtungi, macho yakaniponyoka yakaangukia kwenye simu. Pameandikwa: joka limelala juu ya paa la forodha na halitaki kuondoka.

"Joka gani hilo?" nikauliza.

"La watu wa Lamu," akasema bila kuinua kichwa. "Linanisumbua tangu juzi."

Mama wa sketi akasema yeye shida yake ni zipu.

Alipokwisha kumhudumia alinieleza. Ni kundi la kwenye simu. Kila mtu anajitungia mtu wake, awe mchawi, nahodha, mwizi, malkia, apendavyo, kisha anaandika mtu wake amefanya nini na amesema nini. Mwingine anajibu kwa mtu wake. Hakuna picha, hakuna kupiga risasi kwa kidole, ni maneno tu. Wachezaji wako Mombasa, Lamu, Tanga, na mmoja yuko Maskati anaendesha lori. Ulimwengu wenyewe una majoka na majitu na dawa za kufufua, na una miji mitatu: Mji wa Bandari, Mji wa Chumvi ulioko jangwani, na Mji wa Juu ulioko mlimani kwenye theluji. Muuza vifungo ndiye aliyeanzisha, kwa hivyo humo kundini tunamwita Mkuu. Nilizoea hata nikawa namwita hivyo dukani, na mkewe akinisikia hucheka.

Usiku ule sikuandika kitu, nilisoma tu. Kesho yake nilikuwa na mtu wangu, mbeba mizigo mwenye mbawa ambazo anaona haya kuzionyesha. Sina haja ya kueleza nilimtoa wapi.

Kila mji una mtunzaji wake. Mtunzaji ndiye anayesema leo upepo unavuma vipi, na ndiye anayewasemea wale watu wadogo wadogo wasio na mwenyewe, kama bawabu, muuza vitumbua na hakimu. Mkuu alitunza Bandari. Mji wa Chumvi ulikuwa wa mwalimu mmoja wa chekechea wa Tanga, mwanamke wa maneno machache na yote ya maana. Mtunzaji wa Mji wa Juu alioa akapotea. Nikamwomba Mkuu, nikamwomba tena, mpaka akanipa ili nisimchafulie duka kwa matone ya maji kila siku.

Nilifurahi sana, shida ikawa sasa nitautunzaje. Mlima sijaupanda maishani. Mahali pa juu kabisa nilipowahi kufika ni Mazeras, nilipelekwa mazishini, na garini nilisinzia. Nikaandika theluji, kwa sababu theluji ilikuwemo tayari. Mengine niliandika niliyoyajua. Vichochoro vikawa vyembamba, baraza zikawa nje ya milango, na muuza kahawa akawa anagonganisha vikombe vyake asubuhi. Nilipotaka jaa la majoka linuke, lilinuka kama lile jaa la zamani la Kibarani, na waliokuwa wakipita pale kabla halijaondolewa walilitambua palepale. Mara moja nilimwandika mlinzi wa lango amekaa kwenye barafu anajipepea kwa kipepeo cha ukili. Yule wa Maskati akauliza huyu mlinzi ana homa au vipi.

Katika Mji wa Juu kulikuwa na mkaazi mmoja tu wa kudumu. Alikuwa tabibu mjane, mwanamke wa makamo aliyepanda mlima na masanduku yake ya mizizi, akafungua nyumba ya kutibia. Mwenye tabibu huyu niliwahi kukutana naye ana kwa ana, tena kwa maji hayo hayo. Mifereji ilikauka Tudor, akauliza kundini kama kuna anayemjua muuza maji, nikacheka peke yangu barabarani. Anaishi ghorofa ya tatu na dada yake. Kwao ni bara kidogo, nyuma ya Rabai, na mjini ni keshia wa supamaketi. Mapumziko yake ya mchana hukaa nyuma ya duka juu ya makreti ya soda akaandika, dakika zile zile za kula. Yeye ndiye dada wa kisa hiki, na mimi ananiita mdogo wangu.

Ilikuwa imebaki kitambo kidogo kabla ya Ramadhani. Mwezi ule kundi huwa tunalifunga, kila mtu ashughulike na ibada yake na futari yake, na wenzetu Wakristo hukubali mapumziko. Kabla ya kufunga, Mkuu hupenda kusafisha. Safari hii alichukua vipande vya michezo yetu wenyewe, akafuta majina ya miji na kila penye neno theluji au jangwa, akavitandaza kundini. Akauliza, hapa ni wapi?

Karibu kila mtu alijibu Bandari, hata penye hakimu wangu, hata pale penye nyumba ya tabibu ambayo niliihangaikia nikidhani ndiyo kazi yangu bora. Yule wa Maskati akafunga hesabu: "Huu wote ni Mji wa Kale. Tofauti ni kwamba kwa mtunzaji wetu mbuzi wana miguu sita."

Nilicheka pamoja nao. Lakini Mkuu hakuwa akicheka. Alisema wachezaji ni wachache na hatuna haja ya Bandari mbili, moja ya moto na moja ya baridi. Baada ya Ramadhani, Mji wa Juu utafungwa, wenyeji wake wahamie chini.

Nilipompelekea dada maji Jumamosi ile nilidhani atanikasirikia. Hakukasirika. Alifungua mlango, akanionyesha pa kuweka mitungi, kisha akasema kama anayeongea na jiko:

"Mdogo wangu, mimi nakwenda kule juu kupumzika na huku chini. Nikifika, nakuta huku chini kumenitangulia."

Nikasema nitarekebisha.

Nikarekebisha kwa ninavyojua. Niliongeza minara ya samawati. Niliongeza makoti ya manyoya, mto unaotiririka kwenda juu, chakula cha uyoga unaoimba. Maelezo yakawa marefu mpaka watu wakaanza kuyaruka. Mwalimu wa Tanga akaniandikia faraghani, kwa upole wake, kwamba minara ameiona ni mizuri, ila mtu wake amepita chini yake na hakufanya jambo lolote ambalo asingelifanya kwao. Neno lile lilinikaa. Sikulielewa, lakini lilinikaa.

Nililielewa alasiri moja nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba moja ya Mji wa Kale, nangoja mama mwenye nyumba anishushie mitungi mitupu. Nilikuwa nasoma michezo ya zamani. Nikafika mahali ambapo jitu la theluji, lenye kichwa kinachogusa mawingu, lililokula kijiji kizima wiki iliyotangulia, linakwenda kumtembelea nduguye pangoni. Nani aliliandika simkumbuki. Limefika mlangoni, limesimama, limepiga hodi.

Nikacheka kwa sauti.

"Wacheka nini weye?" mama akaniuliza kutoka juu.

"Jitu limepiga hodi, mama."

"Likaitikiwa?"

"Likaitikiwa."

"Basi lina adabu," akasema, akanishushia mtungi wa kwanza.

Nikarudi nyuma nikasoma tena, sasa natafuta milango. Wote tulipiga hodi. Mwizi alipiga hodi kabla ya kuiba. Malkia alipiga hodi kwenye jela yake mwenyewe. Katika Chumvi walipiga hodi kwenye mahema yasiyo na mlango. Ni sisi, watu wa pwani, tukiona mlango mdomo unatangulia, na mimi kuliko wote, kwa sababu siku nzima kazi yangu ni hodi, hodi, maji. Nilitambua kwamba minara yangu ingekuwa ya samawati au ya dhahabu, mtu akifika chini yake akapiga hodi akaitikiwa karibu, tayari yuko kwao. Ile ndiyo maana ya mwalimu.

Nikafuta minara. Nikafuta uyoga, nikawakata mbuzi miguu miwili. Theluji nikaiacha. Niliwahi kuona kwenye simu kwamba huko kwenye milima hiyo kelele kidogo tu yatosha kuuangusha mlima mzima. Basi nikaandika kwamba katika Mji wa Juu hapapigwi hodi. Sauti mlangoni huangusha theluji juu ya paa. Mgeni husimama penye mwanga, kimya, mpaka wa ndani amwone.

Sikutarajia yaliyofuata. Watu hawakuweza. Mtu wa Lamu alimleta mpiga mbizi wake, akaahidi kundini mbele ya wote kwamba yeye hasahau, akafika mlango wa kwanza akapiga hodi, nikaliangusha ghala la shayiri. Mwalimu wa Tanga alidumu milango miwili. Wa Maskati akasema hii ni sheria ya kishetani na kesho yake akarudi kujaribu tena. Walikuwa wanaandika, wanakumbuka, wanafuta, na wakati mwingine kidole kinakuwa kimeshatuma.

Kubwa lilikuwa la Mkuu. Alikuwa na jasusi wake aliyejificha katika Mji wa Juu muda mrefu, anajifanya mkata manyoya, ameoa kule, anajua hata kukohoa kwao. Alikuwa karibu kuziiba funguo za lango. Mchana ule, kama alivyokuja kunieleza, alikuwa anapima lesi kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Mkono ukaandika wenyewe: akafika kwa hakimu, akapiga hodi.

Hakimu nilikuwa mimi. Nikaandika kwamba hakimu aliweka kikombe chini taratibu, akawatazama askari wake, akasema mtu wa hapa hasemi mlangoni.

Kesho yake nilimkuta dukani anacheka hata machozi yanamtoka. "Umenitia ndani, yakhe. Na mke wangu wa kule ananiuliza mimi ni nani."

Nikaona ndipo pa kuomba. Nikamuuliza, basi mji haufungwi tena? Akapangusa miwani, akarudi kuwa Mkuu.

"Watu wanakuja kucheka, wanaondoka," akasema. "Hilo ni tamasha. Mimi nataka wakaazi. Una nani wewe? Tabibu peke yake. Tabibu akihama nafunga, na mtu wangu nitamtorosha kabla."

Nikamwambia tabibu hahami. Nilisema kwa uhakika, halafu njiani na mkokoteni nikaanza kukumbuka kwamba katika vicheko vyote vile sikuliona jina lake mara nyingi. Nilipoangalia, nikaona siku zile alikuwa anaandika mstari mmoja, mgonjwa ameingia, ametibiwa, ametoka.

Jumamosi nikampelekea maji. Nikapandisha mitungi ghorofa ya tatu, nikaipanga jikoni, na nikamwuliza waziwazi kama mji bado haumfai.

Alisema umekuwa tofauti, hilo habishi. Kisha akanieleza kazi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Pale kaunta, amri ya duka ni kwamba yeye ndiye wa kusema karibu. Mteja anakuja, anaweka mkate na sabuni, macho kwenye simu, anasimama. Yeye anasema karibu. Hakuna kinachorudi. Anataja bei, analipwa, anakuja mwingine anasimama.

"Sasa niko kule juu," akasema, "na wagonjwa wanakuja wanasimama mbele yangu kimya. Mdogo wangu, umeniondoa Mombasa kweli, lakini umenirudisha kazini."

Nikajiona mjinga. Nikasema basi turudishe hodi.

"Usirudishe. Watu wamefurahi, na ni kweli si Bandari tena. Mimi nitamwandikia Mkuu, nimpeleke tabibu Chumvi. Kule kukavu, atapata wagonjwa wa macho."

Alikuwa anajaribu kunichekesha. Sikumwambia alichosema Mkuu, kwamba akihama mji unafungwa. Ningemwambia, angebaki kwa kunionea huruma, na mji wa kukaliwa kwa huruma haumpumzishi mtu. Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni, naye akanimiminia uji wake uliobaki. Nikamwuliza tu, kwa kutafuta la kusema, kwao nyuma ya Rabai watu wanaingiaje nyumbani kwa mtu.

Akasema kwao nako wanapiga hodi, kwani mimi nilidhani wanapitia dirishani? Kisha akafikiri. Akasema, ila kuna siku hawakupiga. Alikuwa mtoto, mama yake amejifungua mdogo wake wa mwisho. Wanawake walikuja mmoja mmoja asubuhi na kuni kichwani, kwa sababu mzazi haendi kuchanja kuni.

"Hawakusema kitu, mtoto asiamke. Walitua tu nje. Mama alikuwa amelala ndani ananiambia, huyo ni shangazi yako, huyo ni jirani wa mwembeni. Anawajua kwa mlio wa mzigo unavyotua. Kisha ndiyo wakaingia."

Nikamaliza uji.

Safari hii sikutangaza sheria yoyote. Baada ya Magharibi nilikaa barazani kwetu nikamwandika bibi mmoja mfupi, mmoja wa wale watu wangu wadogo wasio na mwenyewe, anapanda theluji kwenda kwa tabibu na ukuni mmoja kwapani. Alipofika hakusema. Aliuweka ukuni kizingitini, akarudi hatua nyuma penye mwanga, akangoja. Nikatuma, nikaweka simu chini, nikaitazama.

Jibu lilichelewa. Nilijua dada ametoka kazini, labda yuko kwenye gari, labda anapika. Nilikuwa nimeshamkatia tamaa lilipokuja. Tabibu alikuwa amefungua mlango. Aliuokota ule ukuni, akaugeuzageuza, akaunusa.

"Mbichi," akasema tabibu. "Ingia tu."

Nikamwandikia bibi yangu kwamba alicheka mpaka jino lake moja likaonekana, kwa kuwa mimi nilikuwa nacheka.

Wale wengine waliona. Hakuna aliyewaambia, waliona tu namna tabibu anavyoupokea ukuni, kila mmoja na neno lake. Huu umeuiba kwenye uzio wangu mwenyewe. Huu ni mti wa matunda, mtoto wa nani amekata mti wa matunda? Wakaanza kuja. Mpiga mbizi wa Lamu alileta ubao wa chombo kilichozama, una kombe bado zimeushikilia, na tabibu akasema huo hauchomwi, akautundika ukutani. Wa Maskati, ambaye mtu wake anatoka Chumvi kusikoota mti, alihangaika siku nzima kutafuta kuni kundini, mwisho akavunja gurudumu la mkokoteni wake akaja nalo kwa miguu. Hapo hata mimi, mwenye mkokoteni, iliniuma.

Mwalimu wa Tanga naye akachokoza kwake. Akaandika kwamba Chumvi mgeni hukung'uta mchanga wa viatu vyake juu ya mkeka wa mwenyeji, ili mwenyeji ajue ametoka mbali kiasi gani. Kwetu ungefukuzwa. Bandari peke yake ndiyo iliyobaki na hodi, na nadhani hodi yenyewe ilianza kusikika, kwa vile sasa ilikuwa na kwao.

Mkuu alirudia mtihani wake wa kufuta majina. Watu wakalalamika kwamba ni rahisi mno.

Hata hivyo neno la wakaazi lilikuwa bado. Mpiga mbizi alikodi chumba Mji wa Juu, sawa, lakini Mkuu alikuwa anamtazama tabibu, na mimi pia. Sikumuuliza dada kitu. Maji nilimpelekea mara moja tena, tukaongea habari za bei ya nyanya.

Siku ya mwisho kabla ya kundi kufungwa, kila mtu huaga kwa mtu wake. Safari hii waliaga kwa kuni. Hawakupanga, au walipanga bila mimi. Tangu asubuhi walikuwa wanapanda mlima. Mwalimu alileta ukuni uliofungwa kitambaa chenye chumvi. Jasusi wa Mkuu, aliyekuwa jela, alimtuma mkewe wa kule na mguu wa kitanda cha jela. Mimi nilimleta yule mbeba mizigo wangu mwenye mbawa, mzigo begani, akaruka mbele ya watu wote bila haya, kwa sababu kizingiti kilikuwa kimeshajaa na pa kukanyaga hapakuwepo.

Ilikuwa saa za mapumziko ya dada. Nilikuwa Bondeni, nimesimamisha mkokoteni kivulini, na ndani ya duka Mkuu amemwacha mteja aliyekuja kununua sindano. Sote wawili tulikuwa tunaangalia simu. Tukaona dada anaandika, anaacha, anaandika.

Tabibu amesukuma mlango, ujumbe wake ulisema, mlango hauendi. Amesukuma kwa bega. Kuni zimeziba hadi juu, na mwanga unaingia kwa nyufa tu. Akakaa chini upande wa ndani, akasikiliza mizigo mingine inatua huko nje, akawataja wenyewe mmoja mmoja.

Na akawataja kweli, sote, hakumsahau mtu.

Mkuu alimpa yule mteja sindano, akarudi kusoma. Simu yangu ikalia tena, na hii ilikuwa kwangu peke yangu, haikupita kundini.

"Mdogo wangu, mwambie Mkuu sihami. Hata nikitaka, nitatokea wapi?"